Namba Zilizoganda

Jumatano ile Kaltham binti Hamood aliitazama video ya jaribio la kumi na saba mara sita. Kila ilipomalizika alisimama, akaizunguka meza, akaenda dirishani kutazama malori yanayoelekea Bahla, kisha akarudi kuketi na kuianza upya. Wenzake walishamzoea. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na tatu asiyeweza kufikiri akiwa amekaa, na walijua kwamba siku akitulia ndipo pana jambo. Mara ya saba alitulia.

Kazi yao ilikuwa hivi. Nchi moja ya ng'ambo ilikuwa inajenga mtambo wa umeme wa nyuklia, na chumba cha kuuongozea mtambo huo kilikuwa karibu chote cha kidijitali: hapakuwa tena na ukuta mzima wa swichi na mishale, ila meza nne, skrini ishirini na mbili, na paneli moja ndogo ya akiba. Mamlaka ya usalama ya nchi hiyo haikutaka chumba kikaguliwe na wale wale waliokichora, ikatafuta wakaguzi wa mbali. Ndipo katika ukumbi mmoja wa kupanga, nyuma ya maduka ya spea ya Nizwa, Oman, pakajengwa chumba cha mfano kilichofanana na kile cha kweli mpaka rangi ya viti, kikatiwa kompyuta iliyojifanya mtambo. Waendeshaji waliletwa makundi kwa makundi, wakapewa hitilafu za kila namna, na Kaltham na wenziwe wakakaa nyuma ya kioo wakiandika. Majaribio yalikuwa thelathini na manane, na yote yalipita. Ripoti ilitakiwa ipelekwe Alkhamisi ya wiki ya pili yake. Sahihi iliyobaki ilikuwa ya Kaltham, kwa sababu sura inayohusu mtu na skrini ilikuwa yake: je, mtu aliyechoka au aliyeshtuka ataona upesi linalotokea, na atafanya linalotakiwa?

Jaribio la kumi na saba lilikuwa la pampu ya maji kuzimika. Mwendeshaji mmoja, jina lake Hud, alipewa kazi ya kuangalia kiwango cha maji katika tangi la mvuke. Kwa dakika nne aliripoti kwamba maji yako sawa, na kwa dakika nne hizo maji yalikuwa yanashuka. Skrini yake ilikuwa imeganda. Msimamizi wake, aliyeketi meza nyingine, ndiye aliyeona. Pampu ya akiba ikawashwa, mambo yakatengenea. Katika fomu waliandika kuwa jaribio limepita, na chini yake mstari mmoja: kosa la mwendeshaji, hakulinganisha skrini yake na nyingine.

Mstari huo ndio uliomkwama Kaltham kama mwiba wa samaki. Alihesabu. Katika dakika nne zile Hud aliitazama skrini yake mara thelathini na moja. Huyo si mtu aliyezembea. Na kila akishasoma namba, macho yake yalipanda juu kidogo, upande wa kulia, kisha uso ukatulia, kama mtu aliyeuliza akajibiwa.

Kundi la Hud lilikuwa limekwisha kurudi kwao. Kaltham alimpigia simu. Hud alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kwa Kiarabu kwamba kosa lake amelikiri na kulitia sahihi, na kwamba wakubwa wake wamemwondoa katika orodha ya watakaoomba leseni mwaka huu. Kaltham akamwuliza alikuwa akitazama nini kule juu. Alisema hakumbuki.

"Mimi nimekubali, ustadha," alisema. "Nakuomba usinifungulie tena habari hii."

Kaltham aliweka simu, akainuka, akatoka nje mpaka kwenye gari, akasahau alichokifuata. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kabla, kwao Ibra, kutoka kwa kaka yake.

Khalaf alimzidi Kaltham miaka kumi na mbili. Miaka kumi na tisa nyuma alikuwa mwendeshaji katika kiwanda kidogo cha kusafisha maji ya bahari nje ya Sur, kiwanda ambacho sasa kimekwisha kuvunjwa. Asubuhi moja fundi wa mabomba, Iqbal, mtu wa Tanga, alimwuliza kwa redio kama bomba la mvuke limetulia ili alifungue. Khalaf alitazama skrini, akaona sifuri, akamwambia afungue. Bomba halikuwa sifuri. Iqbal aliungua mikono yote miwili na upande mmoja wa uso. Kamati ilikaa siku mbili, ikaandika kosa la mwendeshaji. Khalaf akatia sahihi, akaacha kazi kabla hajaachishwa, akahamia Al Mintirib na kufungua kambi ya mahema ya wageni ukingoni mwa mchanga. Hakwenda kumtazama Iqbal hospitali, wala baadaye. Mtu akilitaja jambo la Sur mbele yake, hujibu yale yale: nimekubali, usinifungulie.

Ijumaa, baada ya sala, Kaltham alikula kwa mama yao Ibra. Bi Tufool alikuja Oman kutoka Unguja akiwa na mimba ya Khalaf, na mpaka leo hapiki wali bila ya nazi. Alimtazama bintiye anavyokula kama mtu aliyeacha gari linanguruma nje, akamwuliza anakimbilia wapi. Alipoambiwa ni kwa Khalaf, na sababu yake, aliweka kijiko chini.

"Aliyelala usimwamshe, Kaltham," alisema. "Mie ndiye niliyemlaza, na haikuwa kazi rahisi."

Kaltham alimbusu mkono, akaondoka. Njia nzima mpaka Al Mintirib alikuwa akijitungia maneno ya kuanzia, na kila alilolitunga lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Alimkuta Khalaf nyuma ya kambi, amechutama kando ya gari, anapunguza upepo wa matairi kabla ya kuwachukua wageni mchangani. Alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila ya kuinua kichwa. Kaltham hakumzungusha. Alimweleza habari ya Hud, skrini iliyoganda, dakika nne, na yale macho yanayopanda juu upande wa kulia. Sur hakuitaja. Khalaf alimaliza tairi la kwanza, akahamia la pili, na la tatu. Kwenye la nne mkono wake ulisimama.

"Juu kulia kuna nini?" aliuliza.

"Jina la ukurasa. Tarehe. Saa."

"Na saa ilikuwa inakwenda?"

Kaltham alisema hajui. Alikuwa ametazama namba na macho ya Hud, saa hakuitazama.

"Itakuwa ilikuwa inakwenda," alisema Khalaf. Aliketi mchangani, mgongo kwenye gurudumu. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akasema yaliyompata. Siku ile ya Sur sifuri ilimtia shaka, kwa sababu bomba lile lilikuwa na vali mbovu, na kila mtu kiwandani alijua. Akaitazama skrini mara ya pili, na ya tatu. Sifuri haikutikisika.

"Basi nikatazama saa," alisema. "Sekunde zinakwenda, moja, mbili, tatu. Nikasema moyoni mwangu, chombo kilichokufa hakihesabu. Nikamwambia Iqbal fungua."

Kaltham alimwuliza kwa nini hakuieleza kamati. Khalaf alisema aliieleza. Lakini kompyuta ilikuwa imezimwa na kuwashwa upya kabla kamati haijafika, kila kitu kinakwenda sawa, na mwenyekiti akamwuliza ana ushahidi gani. Hakuwa nao. Alikuwa na watoto watatu, na mtu yuko hospitali kwa neno lake. Walimpa karatasi, akatia sahihi. Baadaye hata yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba hakutazama vizuri.

Wageni walikuwa wanatoka mahemani na kofia zao. Khalaf aliinuka, akakung'uta mchanga.

"Yallah, nenda," alisema. "Na mama usimwambie kuwa tumezungumza."

Jioni hiyo hiyo Kaltham alirudi Nizwa kwa njia ya Sinaw. Jumamosi ofisi ilikuwa imefungwa. Alimwomba mlinzi amfungulie, akaikuza video mpaka pembe ya skrini ya Hud ikajaa mbele yake. Saa ilikuwa inakwenda. Kwa dakika nne, wakati kila namba chini yake imekufa, haikukosa sekunde hata moja.

Jumapili asubuhi aliwakalisha watu wawili. Wa kwanza alikuwa mkuu wake, Muatasim, mtu wa Fanja, ambaye mama yake naye alilelewa Unguja. Alikuwa na ada ya kuhamia Kiswahili kila asipotaka wageni wamfahamu. Wa pili alikuwa Bassam, mhandisi kutoka Amman, mwakilishi wa kampuni iliyokichora chumba, mtu nadhifu wa kazi na wa maneno. Kaltham aliwaonyesha video, akauliza saa ile inatoka wapi.

Bassam alijibu bila ya kukasirika. Saa ni ya kompyuta ya skrini yenyewe. Habari za mtambo hupita kwanza katika kompyuta ya kati, ambayo kila meza ina yake, na zikikatika, namba hugeuka zambarau, kila mtu akajua. Siku ile hazikukatika. Kompyuta ya kati ya meza ya Hud ilikwama, ikawa inarudia kupeleka namba za mwisho kana kwamba ni mpya, na skrini ikazipokea kwa moyo safi. Lakini kompyuta hiyo, alisema, ni ya hiki chumba cha mfano, ya kukodi. Ya mtambo wenyewe ni nyingine, bora zaidi.

"Ni kitu gani kitakachoizuia hiyo bora kufanya vile vile?" aliuliza Kaltham.

Bassam alirudia kwamba ni bora zaidi. Kaltham akamwambia hilo si jibu. Hapo Muatasim akageukia Kiswahili.

"Majaribio thelathini na manane, Kaltham. Watu wanangoja ripoti Alkhamisi. Unataka nikawaambie tumesimama kwa sababu ya saa?"

"Waambie sahihi yangu haipo."

Muatasim alisogeza kiti karibu. Habari za Khalaf alizijua, maana watu waliotoka Unguja wanajuana. Akamwuliza, kwa sauti ya chini, kama hii ni kazi au ni kaka yake.

Kaltham alikuwa amejiuliza suali hilo tangu Sinaw mpaka Izki, na hakulipatia jibu la kumpendeza. "Vyote viwili," alisema. "Ndiyo maana nataka tupime. Nisije nikawa najidanganya."

Muatasim alimkubalia Jumanne. Makundi mawili yaliyobaki Nizwa yataingia moja baada ya jingine, na hakuna atakayeambiwa kitu. Kompyuta ya kati ya meza yenye skrini ya maji itakwamishwa makusudi, saa itaachwa iende. Makundi yote mawili yakigundua kwa wakati, Kaltham atatia sahihi na maneno yataisha. Bassam alikubali, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitengeneza hitilafu ile Jumatatu, kwa mikono yake, bila ya hila. Siku hiyo Kaltham hakutulia. Aliingia chumba cha mfano, akatoka, akaingia tena, akakaa kila kiti, akatazama kila pembe ya kila skrini mpaka msimamizi wa ukumbi akamwomba apumzike.

Jumanne kundi la kwanza liliingia. Msimamizi wake alikuwa Adham, mtu mzima kuliko wote, aliyewahi kufanya kazi katika mitambo ya zamani. Nyuma ya meza yake, ukutani, kulikuwa na paneli ndogo ya akiba yenye mishale ya kawaida, iliyounganishwa na mtambo kwa waya wake yenyewe. Pampu ilizimwa, namba zikagandishwa. Mwendeshaji akaripoti kwamba maji yako sawa. Adham, kama alivyofanya kila anapotajiwa namba yoyote, aligeuza shingo kutazama mshale. Sekunde hamsini zilikuwa zimepita. Akasema skrini ile imekufa, waiache.

Bassam aliandika sekunde hamsini katika daftari lake. Muatasim alimtazama Kaltham. Kaltham alitoka nje. Aliuzunguka ukumbi mzima mchana wa jua, akapita nyuma ya maduka ya spea, akarudi kwa upande wa pili. Alijiona mjinga. Labda kila mtu mwenye akili hugeuza shingo. Labda Khalaf hakugeuza, na Hud hakugeuza, na yeye amewasumbua watu kwa sababu hawezi kuvumilia kuwa na kaka aliyekosea. Alinawa uso kwenye bomba la bustani, akarudi nyuma ya kioo.

Kundi la pili liliongozwa na Kuruthum. Huyo ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, na wakaguzi walizoea kusema kwamba angeweza kuuendesha mtambo amefumba macho. Skrini ya maji aliichukua mwenyewe. Pampu ilizimika, akatoa amri zake kwa utaratibu, moja baada ya moja, kila moja sahihi. Maji sawa, alisema. Dakika ya pili, maji sawa. Dakika ya tano mwenzake mmoja aliuliza mbona kengele za upande wa pili zinaanza kulia. Kuruthum aliitazama skrini yake tena, macho yakapanda juu kulia, akasema tuendelee. Nyuma ya kioo Bassam aliacha kuandika. Dakika ya tisa na sekunde ishirini kompyuta iliyojifanya mtambo ilijizima yenyewe, kwa sababu maji yalishuka kupita mpaka, na taa zote za chumba zikawa nyekundu.

Mtambo wa kweli nao ungejizima hivyo hivyo, ndivyo ulivyoundwa. Hapana mtu ambaye angeumia. Lakini ngao ya mwisho haikuwekwa ili iwe ya kwanza, na kila mtu mle ndani alilijua hilo.

Kuruthum hakujitetea. Walipomwambia kilichofanywa, alisogea karibu na skrini, akaitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyemficha jambo. Akaweka kidole kwenye saa.

"Hii ndiyo iliyokuwa ikinijibu," alisema.

Bassam aliomba dakika chache, akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi. Aliporudi alisema Kaltham aandike, na kwamba atatia sahihi pamoja naye. Jioni hiyo na siku ya pili yake waliandika kwa zamu. Wakasema saa ya kila skrini itoke kwenye mtambo wenyewe, si kwenye kompyuta ya skrini. Habari zikisimama, nayo isimame, na ukurasa mzima uchorwe mistari, mtu asiweze kuusoma kwa bahati mbaya. Wakasema desturi ya Adham ya kutazama mshale iandikwe iwe kanuni. Na bila ya hayo, leseni isitolewe.

Alkhamisi, ripoti ikiwa tayari, Kaltham alikataa tena kutia sahihi. Alitaka fomu ya jaribio la kumi na saba ifunguliwe, yale maneno kosa la mwendeshaji yafutwe, na wakubwa wa Hud wapelekewe barua. Muatasim alimwambia fomu hiyo imefungwa na kupigwa muhuri, na hapajapata kufunguliwa fomu ya namna hiyo. Kaltham akamwambia basi itakuwa ya kwanza. Gari la posta lilikuwa linangoja nje. Mwisho Muatasim alichukua kalamu yake mwenyewe, akaukata mstari ule, akaandika chini yake jina lake na tarehe. Kaltham alipompigia Hud kumpa habari, Hud alimtaka airudie yote tangu mwanzo. Kisha Hud alimwomba barua hiyo ipelekwe pia kwa baba yake.

Siku ya pili yake, Ijumaa, Khalaf alikuja Ibra kula kwa mama. Kaltham alimweleza yote mbele ya Bi Tufool, kwa sababu alichoka kuficha. Alitazamia kwamba atafurahi, au angalau atapumua. Khalaf aliendelea kumega mkate wake vipande vidogo vidogo bila ya kuvila.

"Kwa hiyo ilikuwa kazi ya wiki moja," alisema.

Alisukuma sahani kando.

"Miaka kumi na tisa, Kaltham. Watu wangekaa siku moja, wakaipima ile kompyuta, basi. Siku moja tu."

Aliinuka, akaenda zake uani, na mama yake akamzuia Kaltham asimfuate. Walimsikia akitembea huko nje, huku na huko, kwa muda mrefu. Aliporudi hakuketi. Alimwuliza dada yake kama anajua Iqbal yuko wapi.

Kaltham alijua. Alikuwa amemtafuta zamani, na hakuthubutu kusema. Iqbal hakurudi Tanga. Alibaki Sur, akapata kazi katika duka la vifaa vya mabomba, na sasa ndiye anayeliangalia.

Walikwenda wiki iliyofuata, Kaltham akiendesha, kwa sababu Khalaf alisema mikono yake si ya kuaminika siku hiyo. Njiani Khalaf alimtaka asimamishe gari mara mbili bila ya sababu, na mara ya pili, karibu na Al Kamil, alisema warudi. Kaltham hakugeuza gari wala hakumsukuma. Alizima injini, akangoja. Baada ya muda Khalaf akasema twende.

Iqbal alikuwa nyuma ya meza ya duka, amevaa kofia iliyoshonwa kwa mkono. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeshikana, na ngozi ya shavu moja iling'aa kama karatasi. Alipomwona Khalaf mlangoni, alishika ukingo wa meza. Walisalimiana. Khalaf hakukubali kiti.

"Nimekuja kukwambia lililotokea siku ile," alisema. "Sikukudanganya, Iqbal. Skrini ndiyo iliyokuwa imekufa, na mie niliiamini."

Iqbal alimsikiliza mpaka mwisho, habari ya saa, habari ya kamati, habari ya Nizwa. Kisha alitazama mikono yake, akaanza kuzungumza polepole. Juu ya bomba lile, alisema, kulikuwa na geji ndogo ya mshale. Kioo chake kilikuwa kimejaa chumvi na vumbi. Kanuni ilikuwa fundi aifute na kuisoma kabla hajafungua chochote. Siku ile alikuwa na haraka, alitaka amalize kabla ya adhuhuri, na kitambaa alikiacha kwenye toroli. Hakuifuta. Kamati haikumwuliza, kwa sababu alikuwa hospitali, na alipotoka akaambiwa Khalaf ameshakubali kosa na kuondoka.

"Nikasema nikimtafuta nitamwambia nini?" alisema Iqbal. "Kwamba amebeba mzigo wangu? Miaka yote hii nakukimbia, Bwana Khalaf. Nikiona gari la watu wa huko kwenu mjini hapa, naingia stoo mpaka lipite."

Khalaf aliketi. Mteja aliyeingia kutaka gundi ya mabomba akaitazama hali ile, akatoka. Kisha wakaanza kubishana, taratibu, kila mmoja akilivuta kosa upande wake. Khalaf akasema geji au si geji, neno la kufungua lilitoka kwake. Iqbal akasema neno ni neno, lakini mkono ulikuwa wake. Kutoka hapo wakaingia kwenye ile vali mbovu, nani aliyekataa kuibadilisha, na nani aliyeandika barua tatu juu yake, na wakamkumbuka msimamizi mmoja mbahili mpaka wakakaribia kucheka.

Simu ya Kaltham ililia, akatoka nje kuisoma. Ilikuwa Bassam. Tangu ripoti ilipopelekwa, yeye na watu wake walikuwa wanaipitia mifumo mingine ya chumba kile, na wamekuta sehemu mbili zaidi ambamo kitu kilichokufa huendelea kuonekana hai, moja kwenye orodha ya kengele na moja kwenye ramani ya vali. Aliuliza kama Jumapili Kaltham anaweza kufika mapema.

Kaltham alisimama juani mbele ya duka, simu mkononi. Alikuwa amedhani kwamba siku kama hii moyo ungetulia. Badala yake alijikuta anazipitia kichwani skrini zote ishirini na mbili, moja baada ya moja, akiuliza kila namba imetoka wapi na nani aliyeileta. Akarudi ndani kumwambia kaka yake kwamba njia ni ndefu. Khalaf, bila ya kugeuka, alimwambia kahawa inaletwa, asubiri kidogo. Iqbal alikuwa ameshachukua kipande cha bomba, anamwonyesha jambo kwa vidole vyake vilivyoshikana. Kaltham aliketi juu ya fungu la mabomba karibu na mlango, akaanza kumwandikia Bassam jibu.